Mwendo wa Okonkwo: Msamiati wa Kiingereza wa Umbo, Mkao na Mwendo katika Things Fall Apart na Madai Yake kwa Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Chinua Achebe anavyotumia msamiati wa Kiingereza unaohusu umbo la mwili, mkao na mwendo katika riwaya ya Things Fall Apart (1958), na yanachunguza masharti ambayo msamiati huo unamwekea mfasiri wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba maelezo ya mwili wa Okonkwo si pambo la sura ya kwanza, bali ni uzi unaoshikilia msuko wa riwaya tangu uwanja wa mieleka hadi kwenye mti wa kujinyongea. Uzi huo hukatika iwapo mfasiri atatafuta kisawe cha kila neno pale linapotokea bila kuangalia linarudi wapi. Makala yanadai pia kwamba umaskini wa msamiati ambao Kiswahili huhusishwa nao katika uwanja huu kwa sehemu kubwa ni umaskini wa usomaji. Data imetokana na usomaji makini wa matini ya Kiingereza. Sentensi za tafsiri iliyopo hazichambuliwi moja moja. Kinachotafutwa ni kipimo ambacho tafsiri yoyote ya riwaya hiyo ingestahili kupimwa nacho.

Tatizo

Katika tahakiki nyingi za riwaya zinazoandikwa vyuoni mwetu, mwili wa mhusika hupewa aya moja. Mhakiki hutaja sifa za nje, yaani urefu, unene, rangi na mavazi, kisha huzipita haraka ili azifikie sifa za ndani, ambazo ndizo huhesabiwa kuwa uhakiki wenyewe: mkali, mchapakazi, mwenye msimamo, katili. Mgawanyo huu unamfaa mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani. Kwa mtafiti ni mtego, kwa kuwa unachukulia kwamba mwili ni ganda tu na kwamba maana imo ndani ya ganda hilo. Ziko riwaya ambazo zinaweza kusomwa hivyo bila hasara kubwa. Things Fall Apart si mojawapo.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha ambayo Achebe aliichagua. Kiingereza cha fasihi alichokirithi kilikuwa tayari na mazoea yake ya kumweleza Mwafrika, na mazoea hayo yalianzia mwilini. Achebe aliisoma Mister Johnson (1939) ya Joyce Cary akiwa mwanafunzi Ibadan, na amekiri kwamba riwaya hiyo ilichangia kumsukuma aandike. Mwaka 1975, katika mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alimshutumu Joseph Conrad kwa kuwaonyesha Waafrika wa Heart of Darkness kama viungo na sauti huku akiwanyima lugha. Kwa hiyo mwandishi huyu alijua vizuri kwamba vivumishi vya Kiingereza vya mwili havikuwa vitupu. Kila kimojawapo kilikuwa kimekwisha kutumika, na kwa nia fulani. Swali la kihakiki ni hili: alipolazimika kumweleza Okonkwo kwa msamiati uleule, alifanya nini?

Jibu fupi ni kwamba alitumia vivumishi vichache na vya kawaida mno, kisha akaukabidhi mwili kwa vitenzi. Okonkwo ni mrefu, ni mkubwa, ana nyusi nzito na pua pana vinavyoupa uso wake ukali. Hapo sura imekwisha. Kinachofuata ni mambo ambayo mwili huo unafanya. Anapumua kwa nguvu kiasi kwamba akilala, wake na watoto wake humsikia wakiwa katika nyumba zao. Anapotembea, visigino vyake havigusi ardhi sawasawa, kana kwamba anakanyaga springi na yu tayari kumrukia mtu. Ana kigugumizi kidogo, na maneno yanapogoma kutoka hutumia ngumi. Msomaji hapewi picha ya mtu aliyesimama ili akaguliwe. Anapewa mtu anayepita mbele yake.

Mrefu, mkubwa, mwembamba

Kuhusu ukubwa wa mwili, Kiswahili hakina haja ya kukopa. Kina mtu wa miraba minne, kina pandikizi la mtu, kina njemba. Zaidi ya hayo, kina nyenzo ambayo Kiingereza hakina, nayo ni ngeli. Mtu akihamishwa kutoka ngeli yake akaitwa jitu, ukubwa na hukumu huja kwa pamoja. Akiitwa kijitu, udogo na dharau huja kwa pamoja pia. Hapa ndipo utajiri wa lugha unapogeuka kuwa hatari. Neno la Kiingereza "huge", ambalo Achebe amelitumia, linapima tu wala halilaumu. Mfasiri akiandika jitu, atakuwa amempa msomaji hukumu ambayo msimulizi ameizuia kwa makusudi, na atakuwa ameurudisha mwili wa Okonkwo mikononi mwa waandishi ambao Achebe alikuwa akiwajibu. Pandikizi la mtu lina heshima kidogo ndani yake, na kwa maoni yangu ndilo linalokaribia. Hata mrefu na mkubwa, maneno mawili yasiyovutia, yanatosha na pengine ndiyo bora, maana Achebe naye hakutafuta maneno ya kuvutia.

Kwa Unoka, baba yake Okonkwo, kazi ni ngumu zaidi. Anaelezwa kuwa mrefu lakini mwembamba sana, mwenye mgongo ulioinama kidogo na uso uliochakaa kwa huzuni, isipokuwa anapokunywa au anapopiga filimbi. Maneno matatu ya Kiingereza yanastahili kusimamiwa hapa.

La kwanza ni "thin". Katika Kiswahili hali za mwili hupenda kuelezwa kwa kitenzi chenye kiambishi -me-: amekonda, amenenepa, amechoka, ameinama. Umbo hili lina historia ndani yake, kwani aliyekonda aliwahi kutokuwa hivyo. Tena kukonda kumefungamana na fikra na mashaka hata vijana wa Tanzania wakitaka kumtuliza mtu humwambia asikonde. Unoka ni kinyume kabisa cha maana hiyo. Ana madeni kwa kila jirani na hayamkondeshi. Mdai akija, humchekea na kumwonyesha mistari ya chokaa ukutani inayohesabu madeni makubwa zaidi. Wembamba wake ni umbile, si dalili. Kwa hiyo mwembamba ni sahihi na amekonda ni kosa, ingawa kamusi itamruhusu mfasiri kutumia lolote kati ya hayo mawili.

La pili ni "stoop". Hili ni neno la katikati, yaani ni mkao uliokaribia kuwa umbile lakini haujafika. Kiswahili kina kibiongo, ambacho ni ulemavu, na kina kuinama, ambako ni tendo la muda. Katikati yake kuna kuinama mabega na kupinda mgongo kidogo. Uchaguzi huu si wa mapambo. Mwana ataishi maisha yake yote akijinyoosha ili asifanane na mgongo huu. Ukiuita kibiongo, umemwondolea Unoka hiari, na hofu ya Okonkwo ya kufanana na baba yake inakuwa hofu ya ugonjwa wa kurithi. Hofu yake si hiyo. Anachoogopa ni kuonekana amelegea.

La tatu ni "haggard". Hapa Kiswahili kinakishinda Kiingereza, kwa kuwa kina kitenzi kusawajika, kinachosema kwa pamoja kwamba uso umepoteza nuru na nyama na kwamba kuna jambo lililousababishia hali hiyo. Hata hivyo, Achebe amelitumia neno la Kiingereza pamoja na kitenzi cha kuvaa: Unoka anauvaa uso huo kama nguo. Waandishi wetu wa siku hizi wamekwisha kuanza kuandika kwamba mtu amevaa uso wa huzuni, na masikio mengi yameuzoea usemi huo. Sioni faida yake. Katika Kiswahili uso haukuwa nguo. Uso hukunjwa, hununa, hufura, husawajika, hukunjuka. Wazo la Achebe ni kwamba huzuni ya Unoka inavuliwa mara filimbi inapoguswa mdomoni, na kitenzi kukunjuka kinalibeba wazo hilo bila kuomba msaada.

Visigino

Tunafika sasa kwenye sentensi ambayo riwaya nzima inaizunguka, ile ya visigino na springi.

Leonard Talmy ameonyesha kwamba lugha hutofautiana katika jambo zinalolipa kitenzi cha mwendo. Kiingereza kwa kawaida hukipa kitenzi namna ya kwenda, kisha huacha njia ibebwe na maneno madogo yanayokifuata. Kwa kigezo hiki Kiswahili kinaelekea upande wa pili: ingia, toka, panda, shuka, vuka na pita ni vitenzi vya njia, na namna huongezwa pembeni. Mtu anatoka chumbani akichechemea; anaingia ndani akinyata; anavuka uwanja akijikongoja. Kiambishi -ki- kinafanya kazi kubwa kuliko inavyotambuliwa. Wanaosema kwamba Kiswahili hakina vitenzi vya mwendo, kwamba kila mtu hutembea au huenda, wamekuwa wakitafuta namna mahali pa njia. Chechemea, pepesuka, yumba, nyata, jikongoja, sota, tambaa, nyemelea, jiburura, enda kwa madaha, enda kwa maringo: orodha hii haijaanza hata kuchosha.

Mwendo wa Okonkwo hata hivyo una ugumu wake. Springi ni chombo cha chuma. Haimo Umuofia. Msimulizi anayeazima mfano huu anazungumza na msomaji wa Kiingereza aliyeketi juu ya kiti au kitanda chenye springi, na kwa sekunde moja ameutoka ulimwengu wa hadithi. Lakini nusu ya pili ya sentensi inarudi porini, ambako yuko mnyama anayejiandaa kuruka. Mwendo mmoja, mifano miwili, mmoja wa kiwandani na mwingine wa mwituni. Wahakiki ambao wangeona hapa kasoro ya uthabiti wanayo hoja, lakini mimi naona kwamba mgongano huo unafaa, kwa sababu Okonkwo atakuja kufa katikati ya malimwengu hayo mawili. Kiswahili kimekwisha kulipokea neno springi kutoka kwenye vitanda na magari, kwa hiyo mfasiri hana sababu ya kulikimbia.

Shida ni kwamba mfano peke yake hautoshi. Linahitajika neno la mwendo wenyewe ambalo litaweza kurudi baadaye likiwa limesimama peke yake, bila kuburuta sentensi nzima. Kuna maneno manne yanayojipendekeza. Kudunda ni kwa mpira, na katika mwendo wa mtu linamleta kijana wa mtaani anayetaka kutazamwa. Okonkwo hatembei ili atazamwe. Kurukaruka ni kwa watoto na mbuzi. Kunyata kunamhifadhi chui na kumpoteza shujaa wa mieleka, maana anayenyata anajificha, na Okonkwo hajui kujificha. Linabaki kunesa. Tawi hunesa ndege anapolitua; kitanda kizuri hunesa; ubao mrefu uliotandikwa juu ya mtaro hunesa chini ya miguu ya mpitaji. Katika neno hili kuna kushuka na kurudi juu, kuna uzito na wepesi, na halina dhihaka. Mtu anaweza kupinga kwamba kunesanesa kunatumika pia kwa wachezaji ngoma wanaotikisa viuno. Ni kweli, lakini ni umbo rudufu linalobeba maana hiyo zaidi kuliko umbo la kawaida. Tena Okonkwo na ngoma hawako mbali: katika sura ya tano ngoma za mieleka zinapolia, miguu yake inafuata mapigo kabla hajakusudia, na tamaa ya kushinda inamtetemesha. Mwendo wa kunesa, basi, ni pendekezo la makala haya.

Liko jambo jingine dogo ambalo linaweza kumponyoka mfasiri mwenye haraka. Baada ya kusema kwamba Okonkwo alionekana kama aliye tayari kumrukia mtu, msimulizi anaongeza mara moja kwamba kweli alikuwa akiwarukia watu, na mara nyingi. Tashibiha inageuka kuwa taarifa. Kiingereza kinatumia kitenzi kilekile mara mbili, na ucheshi mkavu wa mahali hapo umo katika marudio hayo. Mwalimu wa insha anayewafundisha wanafunzi wake kuepuka marudio, akikabidhiwa tafsiri hii, angeandika kurukia mara ya kwanza na kushambulia mara ya pili, na ucheshi ungekwisha. Kurukia mara zote mbili, bila haya.

Nyuma ya kinyago

Sababu ya kulisisitiza neno linaloweza kurudi inajulikana tunapofika sura ya kumi. Egwugwu tisa, roho za mababu zilizovaa vinyago na makuti, wanatoka kuamua kesi ya Uzowulu, mume aliyempiga mkewe hadi ndugu wa mwanamke wakaja kumchukua. Kila mmoja anasimamia kijiji kimoja cha Umuofia. Sheria ya mahali hapo ni kwamba hawa si watu. Msimulizi anasema, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kwamba wake wa Okonkwo na pengine wanawake wengine waliweza kutambua kwamba egwugwu wa pili alikuwa na mwendo wa Okonkwo, na kwamba Okonkwo mwenyewe hakuwa miongoni mwa wazee wenye vyeo walioketi nyuma. Kama walitambua, waliyaweka moyoni.

Kiingereza kinafanya jambo hili kwa herufi moja. Nomino ya springi ya sura ya kwanza imepewa kiambishi tamati na kuwa kivumishi "springy", na msomaji anatambua pamoja na wanawake wale. Hiki ndicho kipimo. Tafsiri iliyotumia mpira katika sura ya kwanza na wepesi katika sura ya kumi inaweza kuwa sahihi mara zote mbili na bado ikawa imeshindwa, kwa sababu msomaji wake ataambiwa kwamba wanawake walitambua, ilhali yeye mwenyewe hakupewa cha kutambulia. Atalazimika kusadiki badala ya kuona. Mwendo wa kunesa unarudi bila kubadilika, na kazi inafanyika.

Tukio hili lina uchungu ambao mgawanyo wa sifa za nje na za ndani hauwezi kuufikia. Anayehukumu kesi ya mume mpiga mke ni mtu ambaye, katika Juma la Amani, alimpiga mkewe Ojiugo na kuvunja mwiko wa ardhi. Kinyago kimeficha uso, sauti imegeuzwa, makuti yamefunika mwili. Ni visigino tu vinavyosema ukweli. Wanaojua kusoma visigino hivyo ni walewale wanaosikia pumzi zake usiku wakiwa katika nyumba zao. Maarifa ya mwili wa Okonkwo katika riwaya hii ni maarifa ya wake zake. Kwa kiasi nilivyosoma, uhakiki wa kijinsia wa riwaya hii kwa Kiswahili umejishughulisha zaidi na vipigo na mahari, na jambo hili halijapewa nafasi inayostahili.

Nitataja kwa kupita tu kwamba Achebe mwenyewe ameweka mzaha kuhusu tafsiri na mwili. Katika sura ya kumi na sita, mkalimani wa mmisionari anatoka sehemu nyingine ya Waigbo, na kila anapotaka kusema yeye mwenyewe, wasikilizaji wa Mbanta wanasikia matako yake. Mfasiri wa Kiswahili ana haki ya kucheka kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Ukakamavu

Mtu akiulizwa neno la Kiswahili la nguvu na afya ya mwili wa Okonkwo, atasema ukakamavu, na atakuwa amejibu vizuri kuliko anavyodhani. Neno hili hulitumia wakufunzi wa jeshi na walimu wa michezo kwa mwili uliofunzwa usioogopa taabu. Lakini mzizi wake ni kukakamaa, yaani kuwa mgumu na kutopindika. Mkono hukakamaa kwa baridi; maiti hukakamaa.

Kiingereza cha Achebe kinatenganisha mambo mawili ambayo neno hili la Kiswahili linayaunganisha, na utengano huo ndio mhimili wa mhusika. Mwili wa Okonkwo unanesa, moyo wake umekakamaa. Anapokuwa uwanjani akipigana na Amalinze, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi kwa miaka saba, ushindi wake kijana wa miaka kumi na minane ni ushindi wa mwili unaojua kupinda na kurudi. Katika kila jambo jingine, kwa mwanawe Nwoye, kwa Ikemefuna, kwa wageni waliokuja na dini na mahakama, hajui kupinda. Kwa hiyo mfasiri afanye hesabu. Mkakamavu ni sahihi kwa tabia yake na ni kosa kwa mwendo wake. Likitumiwa katika sura ya kwanza kueleza mwili, litaua tofauti hiyo kabla haijazaliwa. Likicheleweshwa hadi Okonkwo anaporejea kutoka uhamishoni na kuikuta Umuofia imebadilika, litasema jambo ambalo Kiingereza hakikuweza kulisema kwa neno moja.

Ushujaa, ardhi na mti

Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hii iliyofanywa na Clement Ndulute ilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina hilo limelaumiwa kwa kumtanguliza mtu mbele ya jamii inayosambaratika, na lawama hiyo ni ya haki. Liko pia suala la mwili. Msomaji wa Kiswahili anapolisoma neno shujaa, huja na miili mingine kichwani. Katika Utendi wa Liyongo Fumo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, na anafia karibu na kisima akiwa amepiga goti, upinde umevutwa. Watu wanakaa na kiu wakiogopa kukaribia, kwa kuwa mkao wa maiti bado ni mkao wa mtu aliye hai. Goti la Liyongo limegusa ardhi, na ardhi imemkubali.

Okonkwo hafi hivyo, na msomaji aliyeahidiwa shujaa kwenye jalada anaweza kudhani amedanganywa. Riwaya imemwandaa kwa njia nyingine, iwapo tu mfasiri hakuiziba. Makosa yote makubwa ya Okonkwo ni makosa dhidi ya Ani, mungu wa kike wa ardhi: kipigo cha Juma la Amani, pigo la panga kwa Ikemefuna, ambalo rafiki yake Obierika anasema halitaifurahisha ardhi, bunduki iliyopasuka katika mazishi ya Ezeudu na kumwua mtoto wa marehemu, ikampeleka Mbanta miaka saba. Baba yake, kwa sababu ya ugonjwa wa kuvimba, alipelekwa Msitu Mwovu na hakuzikwa katika ardhi. Na mwana huyo, tangu ukurasa wa kwanza kabisa, visigino vyake havikai juu ya ardhi.

Kiingereza cha Achebe kina maneno mawili mahali hapa: moja kwa mgongo wa Amalinze, ambalo ndilo pia la mungu wa kike, na jingine la kawaida kwa visigino vya Okonkwo. Kiswahili kingeweza kuyaunganisha yote mawili katika ardhi, au kuyaachanisha kwa kuandika chini katika la pili. Wanaoshika msimamo wa uaminifu wa neno kwa neno watachagua chini. Mimi nachagua ardhi, na najua kwamba kwa kufanya hivyo mfasiri anakaza uzi ambao mwandishi aliuacha umelegea kidogo. Sababu yangu ni kwamba chini kwa Kiswahili ni mahali tu. Lina mwelekeo lakini halina mwenyewe, na haliwezi kukosewa. Katika Kiingereza neno la visigino bado lina udongo ndani yake. Katika Kiswahili chini halina. Uaminifu kwa neno hapa ungekuwa hasara ya kitu, si ulinzi wake.

Uamuzi wa mwisho unahitajika mtini. Mkuu wa Wilaya anafika na askari wake kumkamata Okonkwo na anaongozwa nyuma ya boma, ambako mwili unaning'inia. Watu wa ukoo hawawezi kuugusa. Kujiua ni chukizo kwa ardhi, na wageni tu ndio wanaoruhusiwa kumshusha na kumzika. Obierika anaomba msaada huo, na katika ombi lake Okonkwo bado ni mtu. Mkuu wa Wilaya anatoa amri, na katika amri yake kilichoko mtini ni mwili, kitu cha kupelekwa mahakamani pamoja na watu wale, kisha kupewa aya moja katika kitabu anachokusudia kuandika. Kiingereza kinaonyesha tofauti hii kwa viwakilishi viwili vifupi ambavyo msomaji anaweza kuvipita bila kuviona. Kiswahili kinaiweka ndani ya kitenzi chenyewe, katika kiambishi cha mtendwa: Obierika anaomba kumshusha, Mkuu wa Wilaya anaamuru kuushusha.